Mapigo Ambayo Sikuyahesabu

Ilikuwa Alhamisi, saa kumi na dakika ishirini za jioni. Dakika naijua kwa sababu nilikuwa nimevaa montre, saa ya mkononi, na montre ile ndiyo iliyoanzisha yote. Tulikuwa mbele ya nyumba ya fonie, hapa Butembo, mimi na sokulu wangu, na kioo cha montre kilisema moyo wake unapiga mara mia moja sabini na moja kwa dakika.

Mwenyewe alikuwa anacheka. Alisimama katikati ya watu waliongoja zamu ya kuongea na Beni au Goma, ameegemea fimbo yake, anawaeleza kwa nini maharagwe ya Masereka huiva haraka kuliko maharagwe yote ya dunia. Hakuwa anahema. Aliyehema ni mimi. Niliangalia tena nikakuta mia moja themanini na tatu. Daktari alikuwa amesema isipite mia moja na kumi.

Nilipaswa kumshika mkono pale pale, nihesabu kwa vidole. Sikumshika. Sababu naiandika, ingawa si sababu nzuri.

Sokulu ndiyo jina tunalomwitia babu, kwa Kinande. Huyu ni baba ya baba yangu. Kati ya vita ya kwanza na ile ya pili, wakati barabara zilikuwa zimepumzika kidogo, moyo wake ulianza kuchelewa. Anasimama anaongea, ghafla yuko chini. Alianguka mara ya kwanza sokoni, juu ya viazi vya mtu, akaamka akisema yuko muzima. Mara ya pili alianguka kanisani wakati wa sadaka, akaamka akisema yuko muzima. Tangu siku hiyo neno lake la "niko muzima" halikununuliwa na mtu nyumbani. Baba na ndugu zake wakampeleka Nairobi, akarudi na pile.

Pile ni kidude cha chuma, kikubwa kama kisanduku cha kiberiti, kimeshonewa ndani ya ngozi chini ya mtulinga wa kushoto, na waya wake unashuka mpaka moyoni. Moyo ukitaka kulala, pile inaustua. Ukikipapasa unakisikia kinateleza kidogo chini ya ngozi. Watu wa mtaa walimuuliza kama anashika nacho habari za redio za saa moja. Aliwajibu kwamba anashika, lakini kwa Kifaransa tu.

Daktari wa Nairobi alimwagiza atembee nusu saa kila siku, kwa mwendo wa mtu anayeweza kuongea bila kukatika pumzi, na moyo usipite ile mia moja na kumi. Alimwagiza pia arudi kila mwaka wapime pile. Mwaka ulipotimia, vita ilikuwa imekaa barabarani kati yetu na mpaka, na hakuna aliyezungumza tena habari za kurudi.

Halafu baba mkubwa anayeishi Ubelgiji akatuma mkanda na montre. Vilifika kwa mkono wa mfanyabiashara mmoja, ndani ya soksi. Mkanda unafungwa kifuani, chini ya matiti, na sehemu zake mbili nyeusi zinaloweshwa kwa maji kwanza, la sivyo hausikii kitu. Unasikiliza moyo, unatuma kwa montre bila waya. Lakini hautumi mbali. Mwenye montre akiachana na mwenye mkanda zaidi ya hatua moja, kioo kinaonyesha vistari viwili tu, kama mtu aliyefumba macho.

Mama yangu ni mwuguzi katika zahanati ya mtaa wetu. Alisoma karatasi ya maelezo mara tatu, yote ya Kifaransa, kisha akaniita uani. Akaniambia montre hii imetengenezwa kwa ajili ya watu wanaokimbia mbio, haikutengenezwa kwa mtu mwenye pile. Pile nayo inatupa umeme wake mdogo, kwa hiyo montre inaweza kuhesabu pigo la pile na pigo la moyo ikadhani ni mapigo mawili. Inaweza pia kudanganywa na umeme mwingine. Akanifundisha kuweka vidole viwili chini ya kidole gumba cha mtu, upande wa ndani wa mkono, bila kutumia gumba langu kwa sababu gumba lina mapigo yake, na kuhesabu dakika nzima bila kukata katikati.

"Montre iseme, mukono ujibu," aliniambia. "Bikipatana, andika. Bisipopatana, mukono njo ukweli."

Yeye mwenyewe, anayeshika mikono ya wanaume wa Butembo kuanzia asubuhi hadi jioni, mkono wa sokulu hawezi kuushika. Ni baba mkwe wake. Katika miaka yote aliyokaa kwa ukoo huu hajawahi kumgusa. Akimpa chai anaiweka juu ya kigoda na kurudi nyuma, ndipo sokulu anainua kikombe. Akimsalimu anaangalia chini. Nairobi hakwenda naye kwa sababu hiyo hiyo, ingawa ni yeye tu katika nyumba yetu ambaye angeelewa maneno ya daktari. Kwa hiyo mimi, wa miaka kumi na sita, mwaka wa nne wa sekondari, nikawa vidole vya mama.

Shida ni kwamba mjukuu wa kike, kwa desturi yetu, ni muke wa babu yake. Ni utani tu, kila mtu anaujua, na wasichana wengine wanaujibu vizuri mpaka babu anashindwa. Mimi siwezi. Hata darasani mwalimu akiniuliza jina la mto nalijua lakini midomo inakataa. Na sokulu alikuwa na sauti ya mtu aliyeuza maharagwe maisha yake yote katika soko lenye kelele. Siku ya kwanza ya matembezi, pale wanapokaa vijana wa pikipiki, nilikuwa kando yake na mkono wake ndani ya mkono wangu, nahesabu. Nilikuwa nimefika thelathini na kitu.

"Munaona huyu mutoto?" akawaambia. "Njo muke wangu wa mwisho. Bale bengine balinizeekea."

"Muzee, mbona anakushika hivi? Anaogopa utatoroka?"

"Anangoja nianguke, aolewe na kijana. Nani kati yenu atamutaka?"

Walicheka wote. Mmoja akapiga honi. Niliuachia mkono kama umeniunguza, hesabu ikapotea, na tangu siku ile njiani sikuushika tena. Nikawa natembea nyuma yake, hatua kumi, wakati mwingine ishirini, kama mtu anayekwenda safari yake mwenyewe. Kwa umbali ule montre ilionyesha vistari viwili. Na kwa kuwa mama alitaka namba za njiani ndani ya kaye, daftari letu la mapigo, kila jioni, niliziandika. Themanini na nne. Themanini na nane. Siku ya mlima mkali niliandika tisini na tano, ili ionekane kweli. Nyumbani, kabla ya kutoka na baada ya kupumzika, nilihesabu vizuri, kwa hiyo nusu ya kila ukurasa ilikuwa kweli. Nilijiambia hivyo. Majuma matatu.

Sokulu aliipenda ile kaye. Jumapili baada ya misa aliibeba chini ya kwapa na kuwaonyesha wazee wenzake, akisema kwamba hata raisi hana mtu wa kumuandika moyo kila siku. Mimi nilikuwa nimesimama karibu na ukuta wa kanisa, natamani mvua inyeshe.

Basi, Alhamisi ile. Nilikuwa nyuma yake kama kawaida, ila msongamano wa watu ulikuwa umenisogeza karibu. Gari la basoda, yaani askari, likapita kwa kasi karibu na nyumba ya fonie, na sokulu, badala ya kujiondoa yeye, akageuka na kunivuta kwa mkono wa blauzi mpaka nikawa kifuani kwake. Vumbi lilipotulia nikaangalia montre, kwa mazoea tu. Mia moja sabini na moja.

Wasiokuwepo miaka ile labda hawajui fonie. Ni redio kubwa ya kusemea mbali. Simu hatukuwa nazo, na mtu akitaka kujua kama ndugu yake wa Beni yuko hai analipa dakika zake pale, anapayuka mbele ya watu wote. Mwenye fonie anakaa ndani na kipaza sauti, betri za gari ziko chini ya meza, na juu ya nyumba kuna waya mrefu uliofungwa kwenye miti miwili ya mikaratusi. Naeleza haya sasa. Siku ile sikuyafikiria hata kidogo.

Nilichofikiria ni pile. Kwamba imeharibika. Kwamba imekuwa ikiharibika kwa majuma matatu, na mimi nilikuwa naandika themanini na nane. Nilimwambia sokulu turudi. Alinung'unika, nusu saa haijaisha, lakini aliona uso wangu akafuata. Nilitembea ubavuni kwake njia yote, ila montre niliifunika kwa kiganja. Nikikumbuka hapo ndipo ninapojionea haya zaidi, kuliko hata uongo uliofuata. Kama ningefungua vidole na kuangalia mara moja tu baada ya hatua mia, labda kila kitu kingeishia pale. Lakini niliona afadhali nisijue.

Mama alikuwa anachagua mchele uani. Nilimwambia namba. Aliweka ungo chini.

"Na mukono ulisema ngapi?"

Hapo palikuwa na jibu fupi. Lakini jibu lile lingefungua yote, Alhamisi na Jumatano na majuma matatu, na kaye iliyozunguka kwa wazee wa kanisa. Mdomo wangu, ambao darasani haufunguki, siku ile ulifunguka wenyewe.

"Mia moja na makumi sita na tano."

"Ulihesabu dakika nzima?"

"Dakika nzima, mama."

Aliinuka. Akanituma nikahesabu tena pale sebuleni, sokulu akiwa amekaa. Nilihesabu kweli kweli, nikapata sabini na mbili. Nilirudi nikamwambia, nikitumaini itatosha. Haikutosha. Mama alisema mtu akiwa amekaa pile inaweza kuonekana nzuri, na ikaanza kukimbia anapotembea. Ikiwa mkono na montre vimepatana, donc jambo ni la kweli. Na hatuwezi kumpandisha kilima tena ili tujaribu, kwani kilima ndicho kinachoweza kumwua.

Sokulu aliulizwa anajisikiaje. Akasema yuko muzima.

Baba alirudi kabla giza halijaingia. Baba ananunua viazi Masereka na kuvipeleka Beni, kwa hiyo anawajua madereva wote na anaijua barabara ile kuliko alivyopenda. Mama alimweleza kwa sauti ya chini, ile ya zahanati. Nilikuwa mlangoni nimeshika pazia. Nilimwona baba akikaa, akivua kofia, akiivaa tena. Juma lililopita lori moja la rafiki yake lilirudi kutoka upande wa Beni bila vioo, na dereva hakutaka kusimulia. Kuna siku barabara inapitika vizuri kabisa, watu wanafika wakila ndizi. Kuna siku haipitiki. Hakuna anayejua siku ipi ni ipi mpaka awe ameshaondoka.

Aliamua haraka, kama watu wanaoogopa wanavyoamua. Kesho asubuhi kuna lori la viazi, sokulu atakaa mbele na dereva, baba juu ya mzigo. Watalala Beni kwa shangazi yangu anayekaa Mulekera, na keshokutwa watafute njia ya mpaka, Kampala, halafu Nairobi. Akatoka mbio mpaka kwa fonie kumwambia shangazi awangoje.

Sokulu alikuwa amesikiliza yote kwenye kiti chake. Hakuinua sauti.

"Kwa barabara ile?" aliuliza baba aliporudi.

"Njo iko, baba. Hakuna ingine."

"Miye hapana ogopa kufa. Naogopa kufia njiani, mbele ya batoto benye bunduki, bananivua viatu." Kisha akanitazama mimi pale kwenye pazia, akatabasamu kidogo. "Mais muke wangu amehesabu. Nitabishana na mutu amesoma?"

Nilikimbilia jikoni. Nilikuwa nimejiambia nitasema jikoni, kwa sababu mama peke yake ni rahisi. Alikuwa anafunga chakula cha njiani, ndizi za kuchoma na kuku mzima, na huyo kuku alikuwa anatunzwa kwa ajili ya komunyo ya mdogo wangu. Nikasema, mama. Akageuka, macho mekundu, huenda ni moshi. Akanishika shavu kwa mkono wenye mafuta.

"Kama haungehesabu," alisema, "tungemuzika bila kujua."

Nikachukua ndoo nikaenda kuchota maji ambayo hakuna aliyeyahitaji.

Jioni ile sikuweza kukaa mahali. Nilifagia ua uliokuwa umefagiwa. Nilifungua kaye, nikaifunga. Nilijaribu kupanga maneno, nikayapanga kwa Kifaransa kwa sababu kwa Kifaransa yanakuwa ya mtu mwingine. Nilijiambia: huenda montre ilisema kweli. Huenda pile imeharibika kweli, na uongo wangu ndio utakaomwokoa, na nikisema sasa hatasafiri, ataanguka Jumapili kanisani na hataamka. Hili lilinitesa kuliko yote. Sikuwa na uongo wa kuungama tu. Nilikuwa sijui ukweli wenyewe, na ukweli ule ulikuwa umepita chini ya vidole vyangu nikauacha upite.

Sokulu alikuwa anapanga sanduku lake la bati. Aliweka koti la harusi za watu, rozari, viatu vya pili. Halafu akavitoa viatu, akaviweka chini ya kitanda, akavaa sandali za mpira wa gari. Nilielewa kwa nini.

Asubuhi tulikuwa kwenye maegesho ya malori saa kumi na mbili na nusu. Ukungu bado ulikuwa juu ya vilima. Wapakiaji walikuwa wanapandisha magunia ya mwisho ya viazi, sanduku la sokulu lilikuwa limeshatupwa juu kati ya magunia, naye ameketi mbele kando ya dereva, fimbo kati ya magoti, mkanda umefungwa chini ya shati kama mama alivyoagiza, ili baba aangalie kila lori litakaposimama njiani. Nilikuwa nimepewa kazi ya kumkabidhi baba montre. Mama alisimama mbali kidogo, nyuma ya lori, kama inavyompasa.

Baba alinyosha mkono apokee montre. Sikumpa. Nilizunguka mpaka mlango wa sokulu, nikaufungua.

"Sokulu, shuka kwanza."

Alinitazama. Akashuka, polepole, mguu mmoja na mwingine. Wapakiaji waliona.

"Tazameni, bibi harusi anakatalia bwana," alisema mmoja kutoka juu ya magunia. "Muzee, huyu ataliya mpaka Beni."

Nilimshika sokulu mkono, upande wa ndani, vidole viwili. Masikio yangu yalikuwa yanawaka moto. Baba aliniuliza nafanya nini, dereva anangoja.

"Nahesabu," nilisema. "Jana sikuhesabu."

"Mama yako alisema ulihesabu."

"Nilidanganya. Kwa barabara sijamushika hata siku moja, tangu siku ya kwanza. Zile namba za kaye nilizitunga."

Nilisema kwa sauti ndogo, lakini hata wenye magunia walisikia. Baba hakunipiga. Nilifikiri atanipiga. Alifanya kitu kibaya zaidi, aliniuliza kwa upole, kama mtu aliyechoka kabisa.

"Sasa unataka niamini namba gani? Ya jana, ama utakayotoa sasa?"

Ni kweli, nilikuwa nimezifanya namba zote kuwa sawa. Ndipo nikasikia sauti ya mama nyuma yetu. Mbele ya baba mkwe wake mama haongei isipokuwa ameulizwa, na hakuna aliyekuwa amemwuliza.

"Atembee. Mpaka kwa fonie na kurudi. Miye nitafuata."

Dereva alisema tuna muda wa magunia sita. Sokulu alinipa mkono tena, tukaanza kupanda. Si mbali, ni mteremko wa hatua mia mbili hivi kwa anayetoka juu, lakini kwa anayepanda ni mlima. Vijana wa pikipiki walikuwa wanawasha injini zao. Walituona. Nadhani walisema kitu. Nilikuwa nafuata mapigo. Katikati ya mlima tulisimama nikahesabu dakika nzima kwa sekunde za montre: tisini. Kioo kikasema tisini na moja. Sokulu alikuwa anaongea, pumzi zake nzuri, ananiambia kwamba ana wake wengi waliomdanganya lakini hakuna aliyefanya hivyo kwa kaye.

Tukafika mbele ya fonie. Mwenye fonie alikuwa ndani tayari, mlango wazi, anaita. "Beni, Beni, Beni, hapa Butembo. Unanipata?" Alikuwa anamtafuta shangazi yetu, aliyeambiwa afike asubuhi kungoja habari za safari. Kioo cha montre kikaruka. Mia moja sabini na sita. Vidole vyangu vilikuwa bado juu ya mkono wa sokulu, na chini yake mapigo yalikwenda vile vile kama katikati ya mlima, wala hayakushtuka.

Mwenye fonie akaachia kitufe asikilize. Kioo kikashuka, tisini na nne, tisini na mbili. Akabonyeza tena, "Beni, Beni," mia moja themanini. Akaachia, ikashuka. Nilisimama pale kama mjinga, nikiitazama montre ikipanda na kushuka kwa kidole cha mtu aliyekuwa ndani ya nyumba.

"Mama," niliita. "Njo fonie. Ni umeme ya fonie. Mukono ni makumi tisa."

Mama alikuja. Alitazama montre, akatazama waya juu ya miti, akanitazama mimi. Nililiona swali lililomkaa usoni. Kuhusu kioo angeweza kujionea. Kuhusu mkono alikuwa na neno langu tu, na neno langu lilikuwa limeisha thamani tangu pale chini kwenye lori. Kama nimedanganya tena, kwa woga wa kumwona sokulu akienda, basi atamzuia mtu anayehitaji kwenda.

Alifungua ncha ya kitenge chake kiunoni, akapiga goti mbele ya sokulu pale pale kwenye udongo, kichwa chini.

"Baba, unihurumie," alisema.

Sokulu alielewa kabla yangu. Aligeuza uso, akatazama vilima, akanyosha mkono wake mbali na mwili kama mkono ni wa mtu mwingine. Mama akaufunika kwa kitenge, akaweka vidole vyake juu ya kitambaa. Watu wa fonie walitoka mlangoni. Hakuna aliyecheka. Nilishika montre mbele ya macho ya mama ili aone sekunde, na mwenye fonie, bila kuambiwa, aliendelea kubonyeza na kuachia, anaita Beni. Kioo kilipanda mpaka mia moja sabini na kitu, kikashuka, kikapanda. Midomo ya mama ilikuwa inahesabu bila sauti.

"Makumi tisa na mbili," alisema mwishowe. Aliondoa kitenge, akarudi nyuma bado amepiga goti, ndipo akasimama. "Baba arudi nyumbani. Barabara ikitulia ataenda kupimwa kama watu."

Sokulu alirudisha mkono wake kama mtu aliyepokea kitu, akauweka ndani ya koti. Akamwuliza mwenye fonie kama Beni wamejibu. Walikuwa wamejibu. Shangazi alikuwa anauliza kama tumeshatoka, ameshachinja.

Tuliporudi kwenye lori baba alisikia habari kwa mama, akasikiliza mpaka mwisho, akamwambia dereva aende. Dereva alikasirika kwa ajili ya nafasi iliyobaki tupu. Lori lile lilifika Beni mchana bila shida yoyote, tulisikia baadaye. Barabara ilikuwa nzuri siku ile. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli, wala sina cha kujisifia. Baba alinipa mgongo. Alikuwa anawapungia wapakiaji washuke.

Injini ilikuwa inaunguruma tayari. Nilikumbuka sanduku la bati lililokuwa juu, na hakuna mtu aliyekuwa analitazama. Nilikanyaga gurudumu, nikashika kamba, nikapanda mbele ya wote na sketi yangu ya shule, juu ya magunia ya viazi. Nikalitafuta mpaka nikalipata, nikalivuta mpaka ukingoni, nikamwambia mpakiaji wa chini anyoshe mikono alipokee.